Zege au Pevingi? Njia ya Gari Kutoka Getini Hadi Barazani

Mafundi wawili walikuja kwangu Madale, Dar es Salaam, ndani ya wiki moja kuangalia eneo lile lile: mita 4 kwa mita 12, kuanzia getini mpaka barazani. Wa kwanza alipima kwa hatua za miguu, akakuna kidevu, akataja bei. "Bosi, nikishamwaga hapa, hata semi linapita." Wa pili aliomba jembe. Alichimba kishimo cha kina cha goti, akatoa donge la udongo, akalilowanisha kwa maji yake ya kunywa na kulisokota viganjani mpaka likawa kama kamba. Halikukatika. "Mzee, huu mfinyanzi. Kazi ya hapa inaanza na kuutoa." Bei yake ilizidi ya mwenzake kwa karibu nusu. Nikampa kazi wa kwanza.

Masika moja ilitosha. Ufa ulianzia kwenye kona ya chemba ya maji machafu, ukakimbia mpaka ukutani, na upande mmoja wa zege ukanyanyuka kiasi cha kukwaza kidole. Tangu hapo kila jirani anayejenga hunipitia kuniuliza zege au pevingi, vile vitofali vya zege vya kupanga chini, kana kwamba aliyeungua ndiye mpishi.

Basi nayaweka yote mawili ubavu kwa ubavu, pamoja na njia ya tatu ambayo mafundi hawaitaji sana kwa sababu kazi yake ni ndogo: mistari miwili ya zege, kila mmoja upana wa sentimita 70, tairi za kushoto huku na za kulia kule, katikati nyasi au kokoto. Bei ya shilingi sitaji. Saruji ya Tegeta haiuzwi kama ya Mbagala, na ya mwezi ujao si ya leo. Natoa viasi, wewe zidisha kwa bei ya duka la mtaani kwako. Hesabu zote ni za eneo langu la mita za mraba 48, na nimeongeza kidogo kwa ajili ya kinachomwagika na kinachovunjika.

| | Zege, unene sm 10 | Pevingi za mm 60 | Mistari miwili ya zege, unene sm 12.5 |
|---|---|---|---|
| Eneo linalofunikwa | m² 48 | m² 48 | m² 17 hivi |
| Saruji (mifuko ya kilo 50) | 33 hivi | michache, ya kushika kingo | 15 hivi |
| Mchanga | mita za ujazo 2.5 | mita za ujazo 2.5 za kulalia | mita 1 ya ujazo |
| Kokoto | mita za ujazo 5 | hakuna | mita za ujazo 2 |
| Vitu vingine | mbao za pembeni, nailoni ya kutandika chini, BRC (wavu wa chuma) ukitaka | pevingi 2,520, kingo za pembeni mita 28 | mbao za pembeni |
| Gari kupita | baada ya siku 7 hadi 10 | siku ile ile kazi inapoisha | baada ya siku 7 hadi 10 |
| Ukitaka kufukua bomba | kukata na kubaki na kovu | kung'oa na kurudisha | kupita katikati |

Jedwali hilo lina udanganyifu mmoja: linaonyesha kinachoonekana juu. Kwangu mimi, na kwa wengi niliowaona, pesa iliyoleta tofauti ilikuwa chini.

Chini kuna nini

Ukiwa Kigamboni, Mbezi Beach au Bunju karibu na bahari, mara nyingi unasimama juu ya mchanga. Mchanga haunyonyi maji ukavimba, wala haukauki ukasinyaa. Unataka tu kumwagiwa maji, kushindiliwa, na kuzuiwa pembeni usikimbie. Hapo kazi ya chini ni nyepesi na gharama haiendi mbali na viasi vya jedwali.

Ukishuka mabondeni, kandokando ya Msimbazi au mito ya Mbezi na Tegeta, au ukiwa na bahati yangu ya mchanga juu na mfinyanzi chini, hesabu inageuka. Mfinyanzi unavimba masika, unasinyaa kiangazi, na chochote kilicho juu yake hupanda na kushuka nao. Dawa ni kuutoa na kuleta moramu, udongo wa changarawe unaoshindilika. Chukua sentimita 30 tu: mita za mraba 48 zinakupa mita za ujazo 14.4. Udongo ukishachimbwa hutanuka, kwa hiyo utakaopakia utakaribia mita 18. Moramu nayo huja ikiwa imelegea, kwa hiyo utanunua kiasi hicho hicho ili ikishashindiliwa ijaze shimo. Kwa lori linalobeba mita za ujazo 6, ni safari tatu za kutoa na tatu za kuleta. Safari sita kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufunguliwa! Ndiyo ile "karibu nusu" ya fundi wa pili, ambayo mimi niliiona tamaa.

Halafu kushindilia. Moramu inamwagwa kwa tabaka la sentimita 15, inanyunyiziwa maji, inapigwa kwa mashine, ndipo linakuja tabaka jingine. Mashine inakodishwa kwa siku. Fundi akikwambia "mvua itashindilia yenyewe", mwulize mvua hiyo atailipa nani.

Hapa ndipo watu wengi wa Dar wanapokosea kuhusu pevingi. Wanaamini kwamba kwa kuwa zinalazwa juu ya mchanga tu, hazihitaji msingi. Ukweli ni kinyume. Zege ni bamba moja gumu. Uzito wa tairi husambaa eneo kubwa, na penye ulaini kidogo linavuka kama daraja. Kipande cha pevingi chenye urefu wa sentimita 20 na upana wa 10 hakivuki kitu. Kinasukuma uzito moja kwa moja chini. Kwa hiyo pevingi ndiyo inayodai msingi mzuri zaidi, moramu iliyoshindiliwa sentimita 10 hadi 15 hata kwa gari dogo. Ukiruka hatua hiyo, baada ya masika mbili utaona mifereji miwili ya tairi, na maji yatatuama humo.

Ila zinapoharibika, haziharibiki sawa. Pevingi iliyozama unaing'oa, unaongeza moramu, unashindilia, unairudisha ile ile. Vijana wawili, asubuhi moja. Zege lililopasuka na kunyanyuka huna la kufanya zaidi ya kuvunja, na kifusi chake kitakudai lori. Kwa ardhi usiyoiamini, na hujapata pesa ya kuibadilisha yote, mimi sasa nachagua kitu kinachong'oleka.

Sentimita moja ina mifuko mitatu

Kwa magari madogo ya nyumbani, zege la sentimita 10 linatosha juu ya ardhi iliyotulia. Kama boza la maji litaingia ndani, au lori la vifaa kwa ajili ya nyumba ya nyuma unayotarajia kujenga, nenda sentimita 15. Kwa eneo langu, kila sentimita moja ya unene ni karibu nusu mita ya ujazo, yaani mifuko mitatu ya saruji. Kutoka 10 hadi 15, mifuko inapanda kutoka 33 hadi 50.

Hesabu hiyo hiyo inakuuma kwa mlango wa nyuma. Ardhi isiposawazishwa vizuri, ikawa na mashimo yanayofanya wastani wa sentimita 2, mita moja ya ujazo ya zege inamezwa na mashimo: mifuko sita imezikwa pasipo faida. Kusawazisha kwa reki na kamba ni kazi ya nusu siku.

Kuhusu mchanganyiko, mafundi watakwambia "moja, mbili, nne": saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Sawa. Swali ni nne ya kitu gani. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa hiyo mfuko mmoja unataka ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo zile za lita 20. Ukimwona fundi anahesabu toroli, mbili za mchanga na nne za kokoto kwa mfuko mmoja, ujue toroli hubeba lita 60 hivi, na hapo umeshafika karibu "moja, tatu na nusu, saba" bila mtu kukuambia. Bei nafuu za mdomo mara nyingi zimejificha ndani ya toroli hizo.

Maji ndiyo mwizi wa pili. Zege likiwa jepesi kama uji linamwagika bila jasho, na vijana wanalipenda hivyo. Lakini kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu na kuongeza nyufa. Ndoo moja, au moja na robo kwa mfuko, inatosha, na mchanga ukiwa umelowa punguza.

Na huo mchanga uliolowa una hila yake. Ukiwa na unyevunyevu, punje husukumana na ujazo huongezeka, wakati mwingine kwa robo nzima. Lori lililojaa mchanga wa unyevu lina mchanga mchache kuliko lile lile lililojaa mkavu. Usinunue kwa jina la lori. Pima bodi urefu, upana na kimo, kisha piga hesabu. Jaribu na usafi wake: chota mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha mpaka kesho. Tabaka la matope juu likiwa nene, mrudishie mwenyewe. Mchanga wa pwani wenye chumvi usiuguse kabisa kama utaweka chuma ndani. Chumvi inakula nondo.

Kokoto pia zinatofautiana. Za Lugoba ni jiwe gumu na zinasafiri mbali, kwa hiyo ni ghali. Zile za matumbawe za upande wa Kunduchi ni laini zaidi na zinanyonya maji. Kwa njia ya kupitisha gari mimi ningelipia za Lugoba. Kwa kibaraza cha kukalia wazee, hapana.

Wavu wa chuma na mistari ya kukata

Nilimwuliza fundi wangu wa kwanza kuhusu nyufa, akasema BRC itazuia. BRC haizuii zege kupasuka. Kazi yake ni kushika ufa usifunguke na upande mmoja usipande juu ya mwingine. Ili ifanye hivyo lazima ikae ndani ya zege, juu ya biskuti (vipande vidogo vya zege vya kuuinulia), si chini kabisa kwenye nailoni ambako nimeikuta mara nyingi zege linapovunjwa. Wavu uliolala chini ni pesa iliyolala chini.

Kinachoongoza ufa ni mistari. Zege lote husinyaa linapokauka, na litapasuka popote litakapopenda usipolichagulia. Kwa unene wa sentimita 10, kata au gawa kila mita 2.5 hadi 3, kina cha robo ya unene, na uache nafasi kuzunguka chemba na mahali linapokutana na ukuta. Kwangu hapakuwa na mstari hata mmoja, na kona ya chemba ilifanya kazi ya mistari yote. Gharama ya mistari ni ndogo mno: vipande vya mbao wakati wa kumwaga, au msumeno wa kukodi kesho yake asubuhi. Ukiniambia una pesa ya kitu kimoja tu kati ya BRC na mistari, chagua mistari.

Pevingi si zote pevingi

Pembeni mwa barabara nyingi za Dar utaziona zimepangwa, nyekundu, nyeusi, kijivu. Kuna zinazobanwa kwa mashine ya mtikisiko na kuna zinazomiminwa kwenye kalibu za plastiki. Za kalibu zinang'aa na zinavutia macho, lakini uso wake laini unateleza mvua ikinyesha, na ubora wake unategemea kabisa alivyoamka mchanganyaji siku hiyo. Chukua mbili uzigonge: nzuri inalia kama chuma, mbovu inatoa sauti ya gome. Vunja moja uangalie ndani kama kuna matundu. Uliza zina siku ngapi. Saruji inahitaji siku 28 kufika nguvu inayohesabiwa, na pevingi ya wiki moja itapoteza kona zake kwenye lori.

Kwa gari dogo milimita 60 zinatosha, kwa malori 80. Zile za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita ya mraba. Kwa eneo langu, 2,520 za milimita 60 zina uzito wa karibu tani 7, yaani safari moja ya lori la tani 7. Ukienda 80, ni tani 9 na ushee, na safari ya pili unailipa hata kama lori halikujaa. Jambo dogo hilo, lakini ndilo linalofanya muuzaji wa karibu mwenye bei ya juu kidogo awe nafuu kuliko wa mbali.

Usikubali kazi isiyo na kingo. Bila kingo za zege zilizoshikwa pembeni, pevingi hutawanyika kama kundi la mbuzi, kidogo kidogo, kila gari likikata kona.

Mteremko, njia nyembamba na maji

Kimara, Goba na baadhi ya vilima vya Madale vina mageti yaliyo juu kabisa na nyumba chini, au kinyume chake. Penye mteremko mkali zege linashinda, na sitaki kuzunguka katika hili. Pevingi kwenye mteremko husukumwa chini na breki za kila siku, na mvua za masika huchota mchanga wa kwenye maungio. Zinawezekana, lakini utahitaji mihimili ya zege inayokatisha kila baada ya mita kadhaa, na hapo unafuu wake umeisha. Zege limwagwe kuanzia chini kupanda, likiwa zito, na uso wake uchorwe kwa ufagio mgumu au mifereji ya kukatisha. Uso uliopigwa mwiko ukang'aa ni hatari kwa tairi na kwa mama mwenye ndoo kichwani.

Kwenye tambarare, kumbuka mwinamo: sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Maji yakikosa pa kwenda utajenga mtaro baadaye kwa bei ya njia ya pili.

Kuna redimiksi, zege linaloletwa na gari lenye pipa linalozunguka. Kwa mita za ujazo 5 ni gari moja tu na kazi inaisha asubuhi, mchanganyiko ukiwa umepimwa. Lakini gari hilo ni zito na refu, vichochoro vingi vya Sinza na Manzese haliingii, na likikwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro saa zinahesabiwa, maana zege halisubiri. Ukilazimika kulisomba kwa toroli kutoka barabara kuu mpaka kwako, vibarua watakula ulichookoa.

Maji ya kumwagilia nayo watu huyasahau. Zege linatakiwa kubaki limelowa siku 7, chini ya magunia au nailoni. Kwa joto la Dar, mwaga alfajiri ili kabla ya saa tano liwe limeshalainishwa na kufunikwa. La kwangu lilimwagwa saa saba mchana, baada ya vijana kutoka kula kwa mama ntilie. Kama maji ya bomba hayatoki, boza liwe kwenye bajeti.

Bomba ambalo bado halijaja

Mtaa wetu ulikuwa haujaunganishwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, tulipomwaga. Ulipounganishwa, msumeno ukapita katikati ya zege langu, na mpaka leo kiraka kinaonekana kwa rangi. Kama mtaa wako bado unasubiri maji, au unafikiria nyaya za geti la umeme na kamera, una njia mbili. Weka pevingi. Au kabla ya kumwaga zege, laza bomba tupu mbili tatu za plastiki za inchi 4 zikikatisha chini, uzibe ncha na uweke alama ukutani. Sijui kitu cha bei ndogo zaidi kinachookoa pesa nyingi zaidi katika kazi hii yote.

Na nje ya geti, kati ya ukuta wako na barabara, pale si pako. Ni hifadhi ya barabara, na kwa barabara nyingi za mitaa msimamizi ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ukiziba mtaro kwa zege, siku maji yatakapoingia kwa jirani utaitwa serikali ya mtaa. Ulizia kwanza, weka kalvati linalopitisha maji kweli, na kipande hicho kifanye cha pevingi, kwa sababu barabara ikija kuinuliwa kwa lami, usawa wa geti lako utabadilika na kipande hicho kitang'olewa.

Jirani yangu mwenye mchanga mtupu aliweka pevingi na hajutii. Shemeji yangu wa Goba, mwenye mteremko, alimwaga zege la sentimita 12.5 lenye mifereji. Kijana anayepanga kujenga nyumba ya nyuma nilimshauri mistari miwili kwa sasa, ya unene wa sentimita 15, mifuko 18 hivi, sehemu nyingine amalizie malori yakishapita. Mimi mwenyewe nimeamua kuvunja mita nne za kuzunguka chemba, kutoa mfinyanzi na kuweka pevingi. Zege lililobaki limetulia, naliacha.

Nilimpigia fundi wa pili. Hakunikumbusha la zamani. Alifika, akasalimia, akaomba jembe.